Hesabu ya Kofia

Mamangu alishona kofia za vito, Kibokoni,
ghorofa ya pili, dirisha la kaskazini,
kito kwa kito, bila miwani.
Kikombe cha kahawa kilipomtoka mkononi
alicheka, akasema ni usingizi.
Cha pili kilipovunjika hakucheka.

Kisha vidole vikaanza kupiga kinanda kisichokuwepo,
bega likaruka kama linafukuza nzi,
na sindano iliyomtii miaka thelathini
ikaingia chini ya kucha.
Majirani wakanong'ona ngazini:
pepo wa Bi Somoe wamerudi kudai kiti chao.

Maana nyanya Somoe naye alitikisika hivi.
Alifukizwa ubani mpaka dari ikawa nyeusi,
akapungwa siku saba, akachinjiwa mbuzi wa rangi waliyoitaka wao,
akafa akimtukana mume aliyempenda.
Kikowani kaburi haliandikwi sababu.

Mimi ni wa tatu. Fundi kofia pia.

Hospitali Kuu, dada Mghoi alinifunga mpira mkononi,
akavuta vichupa viwili,
akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto alifu:
Kila mtu ana kitabu ndani yake, kimeandikwa kwa herufi nne.
Pahali fulani, neno moja la herufi tatu hurudiwarudiwa.
Kwako, kwangu, kwa huyo mzee anayekohoa mlangoni.
Neno likirudiwa mara ishirini, hakuna neno.
Likifika arobaini na kuendelea,
ubongo huanza kufumuka ndani kwa ndani, kidogo kidogo,
na mwenyewe yuko sokoni anachagua bamia.

Na mtoto?
Mtoto ni nusu kwa nusu.
Kila mimba hupiga kura upya,
haiulizi aliyetangulia alipata nini.

Hapo nikakielewa, kwa sababu nakijua kitambaa.
Ukipoteza hesabu, ua moja ukalirudia,
ua husukuma ua,
mwisho wa mduara haukutani na mwanzo,
na kofia, nzuri hivyo, haikai kichwani.

Si husuda basi. Si kijicho cha mke mwenza.
Ningefurahi? Nilikasirika.
Pepo huhongwa.
Herufi haili mbuzi, hailambi halua,
huinyunyizii marashi ikalala.

Nduyangu Shee hataki kupimwa.
Ana posa Bondeni, na watu wa mke
wametuma mama mmoja mnene, mpole, kuulizia ukoo:
Kwenu hakuna wazimu?
Shangazi Tima akamjazia kikombe:
Kwetu kuna baridi yabisi tu.
Nilikuwa jikoni na kaimati,
nikaziacha zikaungua,
maana sikujua kama nitoke niseme
au nimshukuru kwa uongo wake wenye huruma.
Sikutoka.
Mpaka leo namwonea haya yule msichana, Swafiya,
ambaye hata sura yake siijui.

Jumatano Mghoi akafunga mlango, akaketi upande wangu wa meza.
Thelathini na nane.
Thelathini na nane ndiyo nini?
Ni ukingoni, akasema. Huenda yakaja uzeeni. Huenda yasije kabisa.
Ya mama ni arobaini na mbili;
nne zimeanguka njiani. Hutokea, mara chache.
Nilitaka ndiyo, au nilitaka la.
Nikapewa kama riziki ya kibarua: rudi kesho, utaona.

Nilirudi kwa miguu kupitia Makadara, sikununua kitu.
Mama alikuwa kitandani, tasbihi imemteleza.
Nikaiokota. Punje thelathini na tatu.
Nikazimaliza,
nikaongeza tano kwa vidole vyangu,
kimoja kimoja, nikivichunguza:
vimetulia.
Mkono wake ukaja juu ya wangu.
Haukutulia.
Nikauacha uruke.